Kupunguza na Kupunja

Mtu wa umri wangu akionekana ameketi barazani na rundo la vitofali vya plastiki mbele yake, akiunganisha gia zisizozidi ukubwa wa kifungo cha shati, wapita njia huwa na mambo mawili tu ya kudhani: ama anamtengenezea mjukuu, ama akili zimeanza kumruka. Mimi sina mjukuu anayekaa nami, na akili, namshukuru Mungu, bado ninazo. Natengeneza magari ya ujenzi: vijiko, magreda, matingatinga na mashine za kushindilia barabara, yote madogo kiasi cha kukaa juu ya sinia, na yote yana mota na betri ndani yake. Mashine hizi nilizisimamia zikiwa kubwa, kwa miaka mingi ya kazi ya barabara. Sasa nazisimamia zikiwa ndogo. Kijana wangu aliye ng'ambo ndiye aliyeniletea sanduku la kwanza, akidhani litanipumbaza wiki mbili. Wiki mbili zimekuwa miaka.

Nisingepoteza wino kuandika juu ya mchezo, lakini katika mchezo huu nilikutana na swali ambalo kazini nililikwepa. Swali lenyewe ni hili: mtu akikifanya kitu kiwe kidogo, ana ruhusa ya kuacha nini? Na ni wakati gani kuacha huko kunageuka kuwa uongo?

Kwanza nimweleze msomaji kwa nini lazima kitu kiachwe. Chukua kijiko cha kawaida cha tani 20, kile kinachochimba mitaro kando ya barabara zetu. Urefu wake mkono ukiwa umelazwa ni mita tisa na nusu hivi. Ukikipunguza mara 40 kitakuwa na sentimita 24 hivi, yaani kitaenea juu ya sinia. Lakini urefu ukipungua mara 40, eneo hupungua mara 1,600, na ujazo hupungua mara 64,000. Kwa hiyo kama ungeweza kukisinyaza kijiko hicho bila kubadili kitu, chuma kwa chuma na mafuta kwa mafuta, kingekuwa na uzito wa gramu zipatazo 310. Hizo ndizo gramu ulizopewa. Sasa betri sita za kawaida, zile tunazotia katika tochi ndogo, peke yake zina gramu 140 hivi. Karibu nusu ya mali imekwisha kabla hujaunganisha kitofali cha kwanza.

Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638. Alionyesha kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyekuzwa tu, kwa kuwa uzito hukua upesi kuliko nguvu ya mifupa, na hivyo mifupa yake sharti iwe minene kuliko kipimo. Nasi tunaokwenda upande wa pili, wa kutoka kwenye ukubwa kuja kwenye udogo, tunakutana na sheria hiyo hiyo imegeuka kichwa chini. Nguvu haitusumbui, kinachotusumbua ni nafasi. Kitofali hakikubali kusinyaa. Kutoka kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8, ujenge jumba au ujenge kibanda. Mota ya wastani ina upana wa vinundu vitatu na urefu wa sita hivi. Sanduku dogo la betri lina upana wa vinundu vinne na urefu wa vinane. Kijiko changu chote kina upana wa vinundu tisa. Na kijiko cha kweli kina miendo sita: mnyororo wa kushoto, mnyororo wa kulia, kiuno, mkono, kiwiko, na ndoo. Mota sita hazienei. Tatu huenea kwa taabu. Mbili ndizo zinazokaa kwa raha.

Hapa ndipo mjenzi anapolazimika kuwa hakimu. Kioo cha kibanda cha dereva kiachwe au kibaki? Ngazi? Vioo vya pembeni? Kiuno kizunguke kwa mota au kwa kidole? Kila uamuzi ni kitu kinachotupwa. Plato, katika kitabu cha kumi cha ile Jamhuri yake, aliwatuhumu wachoraji kwamba kitanda wanachochora kiko mbali na ukweli hatua tatu, kwa kuwa wanaiga sura tu ya kitanda alichokitengeneza seremala, naye seremala anaiga wazo la kitanda. Kwa hoja hiyo mimi ninayetengeneza kijiko cha plastiki kisichoweza kuchimba hata shimo la kupandia mhindi ningekuwa mwongo wa daraja la juu.

Sikubaliani na hoja hiyo. Ramani ya nchi huacha nyumba zote na miti yote, na bado inamfikisha msafiri aendako. Methali huacha visa elfu na kubakiza maneno matano. Hata jina la mtu ni kifupisho cha mtu. Kama kuacha kitu ni kusema uongo, basi hakuna aliyewahi kusema kweli, maana hakuna aliyewahi kusema yote.

Basi kosa liko wapi? Nilidhani kwa muda kwamba liko katika kazi ya kitu. Nilijiambia kuwa kijiko ni cha kuchimba. Ukiacha ngazi na vioo hujaharibu kitu, lakini ukibakiza vioo na ngazi ukaacha mkono usionyanyuka, umedanganya. Ni hoja nzuri, nami niliishikilia mwaka mzima. Lakini haisimami. Sanamu ya simba haingurumi, na hakuna anayemshitaki mchongaji. Tena tazameni watoto wetu wanavyotengeneza magari ya waya na makopo, matairi yakiwa ni kandambili kuukuu zilizokatwa mviringo. Gari lile halina mota. Mota ni mdomo wa mwenye gari, anayepita njiani akinguruma, akibadilisha gia kwa ulimi, akipiga breki mbele ya kuku. Ni nani aliyewahi kudanganywa na gari lile? Hakuna. Anayecheza anajua, anayetazama anajua, na kuku naye, nadhani, anajua. Kwa hiyo kukosekana kwa mota si uongo. Lazima kosa liwe mahali pengine.

Nilipapata mahali penyewe siku ya wazazi katika shule moja ya jirani. Mwalimu aliniomba nilete mashine zangu watoto wazione. Nilikuwa na kijiko kipya chenye mota mbili: moja ya kutembea, mbele na nyuma, na nyingine ya kuzungusha kiuno. Viliendeshwa kwa rimoti. Mkono ulikuwa wa kunyanyuliwa kwa kidole. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikitazama nikaona haya. Kijiko kisichonyanyua mkono mbele ya watoto mia! Nikachukua uzi wa mshipi wa kuvulia, ule usioonekana upesi, nikaufunga kwenye mkono wa kijiko, nikaupitisha katikati ya kiuno, nikautoboza kwenye ubao wa meza. Asubuhi yake nilisimama nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa, rimoti katika mkono wa kulia, na mkono wa kushoto chini ya kitambaa. Nikibonyeza, navuta. Kijiko kikatembea, kikazunguka, kikanyanyua mkono kama kinaomba dua. Watoto wakapiga makofi. Walimu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kama fundi.

Msichana mmoja, umri wake kama miaka tisa, aliinama kuokota kalamu yake. Alikaa chini ya meza kitambo kuliko inavyohitaji kuokota kalamu. Alipoinuka hakusema kitu. Hakunicheka wala hakunitangaza. Alikuwa mtoto aliyelelewa. Alingoja wenzake walipoondoka, akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini: "Babu, na ile ya kutembea, nayo ni uzi?"

Msomaji wangu, ile ya kutembea ilikuwa kweli. Nilikesha siku nne kuipatia nafasi mota ile na kuzipanga gia zake. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, ile ni mota." Akaniangalia kwa heshima zote, akasema, "Sawa, babu." Nikajua hakuniamini, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti kati ya maneno mawili ambayo lugha yetu imeyapa silabi zinazokaribiana, kana kwamba ilitaka kutuonya: kupunguza na kupunja. Anayepunguza huondoa kitu, na mwenzake anajua kimeondolewa. Anayepunja huondoa kitu, na mwenzake anaendelea kudhani kipo. Vitu vinavyoondolewa vinaweza kuwa vile vile. Kijiko changu kilikuwa hicho hicho, chenye upungufu huo huo, jana yake na siku ile. Jana kilikuwa kimepunguzwa. Siku ile niliwapunja watu. Kilichobadilika hakikuwa katika plastiki. Kilikuwa kati yangu na yule mtoto. Ndiyo maana yule mwenye gari la waya si mwongo ijapokuwa gari lake halina chochote ndani, nami nilikuwa mwongo ijapokuwa changu kilikuwa na mota mbili za kweli. Mchezo ni mapatano: tujifanye. Siku ile mmoja wetu hakuambiwa kwamba tunajifanya.

Na kupunja hakuishii pale kulipofanyika. Lila na fila hazitangamani, wahenga walisema. Mimi naongeza kwamba zikiwekwa sahani moja ni fila inayoila lila. Uzi mmoja wa uongo uliifanya mota ya kweli nayo ionekane uzi.

Wako watakaosema ninakuza jambo. Ni mchezo, watasema, nani aliumia? Nawajibu kwamba niliwahi kuona jambo hilo hilo likiwa na ukubwa wake kamili, na aliyeumia namjua kwa sura.

Kabla ya mvua za El Niño za mwaka 1997, nilikuwa msimamizi mdogo katika kazi moja ya barabara ya vumbi. Kazi yangu ilikuwa kukagua makaravati na kutia saini. Karavati moja nilifika zege ikiwa imekwisha kumwagwa. Kwa nje ilikuwa nzuri: kuta zimenyooka, kona zimekaa sawa, hata chokaa walipaka. Nondo zilikuwa ndani, hazionekani. Lakini kando ya kibanda cha vifaa niliona nondo zimelala chini ya turubai, na nilipozihesabu zilikuwa nyingi kuliko zilizopaswa kubaki. Nilijua maana yake. Fundi mkuu alijua kwamba najua. Akanikaribisha chai. Hakunipa fedha, nami sikuomba. Laiti ningeweza kusema nilinunuliwa, maana hapo angalau kungekuwa na bei. Niliona tu kwamba kubomoa ni ugomvi, mwezi unakwisha, na karavati yenyewe inapendeza. Nikatia saini.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 lori lenye shehena lilipita juu yake na paa lake likakatika. Dereva alitoka mzima. Utingo wake, kijana mwembamba, alivunjika mguu, na baadaye nilimwona stendi akitembea kwa kuchechemea. Hakunijua. Nilimnunulia chai bila kumwambia sababu, nikaondoka. Hiyo nayo, nikifikiri leo, ilikuwa kupunja: nilimpa kikombe cha chai mahali pa neno alilostahili kuambiwa.

Liko jambo jingine ninalolikumbuka kuhusu barabara ile. Baada ya ajali, madereva walikuwa wakisimamisha magari kabla ya kila karavati, hata zile zilizojengwa vizuri, utingo anateremka, anachungulia, anagonga kwa jiwe. Zote zilikuwa zimeshukiwa. "Na ile ya kutembea, nayo ni uzi?" Ni swali lile lile.

Vitofali nichezavyo vinatoka Denmark, katika mji mdogo wa Billund, ambako seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina LEGO alilitoa katika maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Kampuni yenyewe husimulia kisa kimoja cha enzi za mbao. Mwanawe Godtfred alirudi nyumbani siku moja akijisifu kwamba ameokoa fedha: bata wa mbao waliokwenda kwa mteja amewapaka vanishi mara mbili badala ya mara tatu, na hakuna atakayetambua. Baba yake akamtuma arudi stesheni, alichukue sanduku, awapake bata wote mara ya tatu, peke yake, hata kama ni kukesha.

Zamani kisa hiki kilinionekania kuwa ni cha ubora, kwamba mara tatu ni bora kuliko mbili. Sasa nakiona vingine. Kama wangewauza bata wale kwa kusema wamepakwa mara mbili, lisingekuwapo kosa; bata wa mara mbili ni bata halali. Kosa lilikuwa katika maneno "hakuna atakayetambua." Maneno hayo ndiyo alama ya mpaka. Mtu akipunguza kitu na kujisikia anataka kueleza, anapunguza. Akipunguza na kujisikia anataka kufunika, amevuka. Nami chini ya kitambaa cha meza, na mbele ya nondo zilizolala chini ya turubai, nilikuwa upande ule ule.

Liko swali gumu zaidi ambalo sitajifanya nimelimaliza. Je, pasipokuwa na wa kumpunja, bado mtu anaweza kupunja? Ndani ya mashine zangu ziko sehemu ambazo hazitaonekana na mtu yeyote. Naweza kuegemeza ekseli upande mmoja tu, nikajua itapinda taratibu. Hakuna atakayeumia, na kitu chenyewe nitakibomoa mwezi ujao. Zamani ningesema hapana, hapo mtu yuko huru. Siku hizi nasita, kwa sababu nakumbuka kwamba saini ile sikuianza siku ile. Niliianza miaka mingi nyuma, katika vitu vidogo visivyo na shahidi, mpaka mkono ukazoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na nyufa za mtu huanzia vyumba ambavyo wageni hawaingii.

Kuna gia moja katika vitofali hivi ninayoipenda kuliko zote. Ina meno 24, na katikati yake mna kitovu kinachoteleza. Mzigo ukizidi kiasi, haijifanyi kuwa inaweza. Inateleza, inatoa mlio mdogo wa tak-tak-tak, mota inaendelea kuzunguka, na hakuna kinachovunjika. Inasema: nimefika mwisho wangu. Ningependa kuwa mtu wa namna hiyo. Siku ya karavati ile ilinipasa nitoe mlio, hata mdogo, nami nilinyamaza mpaka paa likakatika.

Kijiko nilikijenga upya. Niliutoa uzi. Niliondoa mota ya kiuno, nikaihamishia kwenye mkono, nikiifungia gia ile iliyochongwa kama skrubu, ambayo kila ikizunguka mara moja husogeza jino moja tu la mwenzake. Mwenzake akiwa na meno 24, mota huzunguka mara 24 ili yeye azunguke mara moja. Mkono hupanda polepole kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, lakini hupanda, na mota ikizimwa hauanguki. Kiuno sasa huzungushwa kwa kidole. Nimepoteza mwendo mmoja na kupata mmoja. Hesabu ya nafasi haidanganyiki.

Nikaandika kikaratasi na kukibandika ubavuni: Hutembea na kunyanyua mkono kwa mota. Kiuno, kiwiko na ndoo ni kwa kidole. Nikarudi shuleni, nikamwomba mwalimu aniitie darasa la yule msichana, nikawaambia mbele ya wote kwamba mara ile palikuwa na uzi. Wengine walicheka, mmoja akasema alijua, jambo ambalo silisadiki. Yule msichana alikiinua kijiko, akakigeuza, akachungulia chini yake muda mrefu, akapitisha kidole tumboni mwake kutafuta tundu. Hakuliona. Akakiweka mezani, akabonyeza rimoti, akautazama mkono ukipanda. Kisha, bila kuambiwa, akakizungusha kiuno kwa kidole, huku akinguruma kwa mdomo.

Yule utingo sijampata. Stendi ile ilihamishwa, na vijana wa malori wa wakati ule sasa ni wazee kama mimi au hawapo. Kijiko nitakibomoa ili vitofali vyake viwe greda. Kitofali cha mwaka 1958 hushikana na cha leo bila kinyongo, na huo ndio uzuri wake. Saini haibomolewi namna hiyo. Niliyoweza kuiandika upya ni ile ya kwenye kikaratasi.